Maoni Yangu Juu ya Kitabu Ambacho Sikukifungua

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha, uliza mutu yeyote kati ya soko la Kashikishi na hapa kwangu, atakuonyesha nyumba yangu kwa kidole na atacheka kwanza, mbele ya kujibu: mimi ndiye niliyemuua mwimbaji wa jazz, mama wa watu, ambaye siku ile hakuwa na hata mafua.

Na yote ilitoka kwa wivu. (Bibi yangu, mama wa watoto wangu, anasema niandike "upumbavu", lakini kalamu ni yangu.)

Ilikuwa ile miezi serikali inafunga ziwa ili samaki wazae, na mimi, fundi wa nyavu, miezi ile ninakuwa mutu wa kiti, chai na radio, mutu ambaye kwake kufika barabarani ni safari ya kuagana na jamaa. Sikuwa na neno na mutu. Shida ililetwa na Mama Odette, jirani yetu aliyevuka ziwa kutoka Kongo kama sisi. Dada yake, mutoto wa mama yake mukubwa, ni yule mwimbaji wa jazz anayejulikana mpaka Ulaya, na kitabu cha maisha yake kilipotoka, Mama Odette alitumiwa kimoja. Kimoja tu, na nyumba zenye kukitaka zilikuwa kumi na moja. Basi wakapanga hivi: kitabu kinalala juma moja kwa kila nyumba, kimefungwa kwa kamba pamoja na kaye, daftari la shule, na ukimaliza kusoma unaandika maoni yako ndani ya kaye. Kisha Siku ya Mungu moja, nyuma ya misa, wote watakusanyika kwa Mama Odette na kila mutu atasoma yake.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho. Bibi yangu, Mama Musonda, alikifungua kitabu siku ile ile. Mimi nilifungua kaye. Shemasi aliandika kwamba kitabu ni kizuri lakini kina baa nyingi kuliko makanisa. Mama mumoja muuza chisense, wale dagaa wa ziwa letu, aliandika kwamba mwimbaji alikawia sana kumuacha bwana wa kwanza, yeye angemuacha kwenye ukurasa wa ishirini na samaki wangeuzwa vilevile. Nilicheka vizuri. Kisha nikafika kwa Sylvain.

Sylvain ni fundi cherehani, mutu aliyefiwa na bibi yake, mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata siku ya mvua. Aliandika: "Sauti ya huyu mama ni kama mutu anayetafuta taa ndani ya nyumba anayoijua." Sasa niambieni, hayo ni maneno ya mutu wa kushona suruali? Na bibi yangu akayapenda. Aliyasema akiosha masahani, aliyasema akisonga bukari, mpaka asubuhi moja aliyasema akinipa chai, na macho yake yakapita juu ya kichwa changu yakaenda kukaa kwenye ukuta.

"Sylvain ana akili," akasema.

"Mifuko ya suruali zake inapanda upande mumoja," nikasema.

"Bon, Papa Musonda, andika yako, tuone."

Njo hapo shida ilianza. Nilikuwa na siku tatu, na kitabu kilikuwa na kurasa mia tatu za Kifaransa, na Kifaransa changu kilibaki kwenye benchi la sekondari, kule Pweto, ngambo ya ziwa. Nikajiuliza, kusoma ni kwa nini? Kwetu biografi ya mutu inasomwa mara moja tu, siku ya kumuzika: mumoja wa jamaa anasimama pembeni ya sanduku na karatasi yake, anasema alizaliwa wapi, alisoma wapi, anaacha watoto wangapi, na watu wanalia. Sijaona bado mutu anasomewa biografi huku anakula. Tena picha ya juu ya kitabu ilikuwa nyeusi na nyeupe, mama amefunga macho, kichwa kimelala upande. (Baadaye walinieleza kwamba alikuwa anaimba.) Nikasema, basi, ni marehemu wa zamani, kila mutu anajua. Niliandika kurasa mbili. Maoni ya bibi yangu yalikuwa chini ya yale ya Sylvain, nikayaruka, maana nilijua ni sifa za Sylvain tu.

Siku ikafika. Tulikuwa watu kama ishirini kwenye kiwanja cha Mama Odette. Sylvain alisoma yake, bamama wakafanya "mmm" kama watu wenye kuonja mchuzi. Bibi yangu akasema yake itangoja, basi mimi nikasimama.

"Ziwa linafungwa na linafunguliwa," nikasoma, "lakini kinywa chako, mama, kimefungwa na hakitafunguliwa tena."

Nikaendelea, sauti inatetemeka kidogo (niliitetemesha mimi mwenyewe), na nikaona bibi yangu ameweka mukono kwenye kifua, na Sylvain ameacha kinywa wazi. Utamu wa kile kinywa wazi siwezi kuwaeleza. Ungenitosha, lakini hapana, nikaongeza neno ambalo halikuwa ndani ya kaye. Nikamugeukia Mama Odette.

"Mama, pole sana na kilio."

Mama Odette akaweka kikombe chini. "Kilio cha nani?"

"Cha dada yako."

"Alikufa?"

Sylvain akasema polepole, "Kitabu hakisemi vile."

Kama ni shemasi aliyesema, ningekubali kosa langu palepale, tungecheka, tungekula karanga. Lakini alikuwa Sylvain, na bibi yangu alikuwa ananiangalia mimi, si ukuta.

"Haiko ndani ya kitabu," nikasema. "Nilisikia ku radio. Juma hili."

Na nani angebisha? Mutu anayeshinda na radio toka asubuhi ni mimi.

Mama Odette alipiga ukelele ambao ulifika majini. Mbele sijakaa, majirani Wabemba, wenyeji wa huku, walikuwa wameruka ua, bamama wamefunga vitenge kiunoni, viti vyote vimetolewa nje, moto umewashwa, mutu ameleta unga na mwingine kuku. Mumoja alipigia simu mujomba wao kule Chienge, mwingine akamupigia mutoto wa Mama Odette wa Lubumbashi. Nilitafuta fasi ya kusema ukweli, lakini kilio ni kama mutumbwi wa injini, ukishaondoka hauulizi nani amebaki. Na bibi yangu akaja, akanishika mukono, akasema, "Pole, ulikaa na habari nzito hivi peke yako." Naona haya kusema kwamba nilishika ule mukono kwa nguvu, na nikaangalia kama Sylvain ameona. Alikuwa ameona.

Alor, basi, shemasi akasimama. "Kilio bila biografi hakikamiliki. Kitabu kiko hapa. Papa Musonda ameandika muzuri, atusomee."

Wakanipa kitabu. Nilikifungua mwisho, nikitafuta alikufa namna gani, na kwa kile Kifaransa changu nikaelewa neno moja moja: mama yuko jikoni kwake, anakaanga samaki, analalamika kwamba samaki wa Ulaya hawana ladha, anasema atarudi siku moja kula wa nyumbani. Nikageuza haraka mpaka mwanzo. "Alizaliwa..."

"Hapana," Mama Odette akasema katikati ya machozi, "soma pale alikufa. Nataka kujua kama aliniita."

Nilikuwa nimesimama hivyo, kitabu mukono mumoja, mukono wa bibi yangu ndani ya ule mwingine, wakati telefone yake ililia. Akaiweka kwa sauti kubwa.

"Odette, mutoto wako anapiga telefone yangu, analia, anafikiri ni jirani anapokea, anauliza kama sanduku limepatikana. Nani alikufa?"

"Weye," Mama Odette akajibu.

"Miye? Nani alisema?"

Nyuso zote zikanigeukia, na ule mukono wa bibi yangu sikuusikia tena ndani ya wangu.

"Wanasema ni radio, mama," nikasema karibu na telefone, "lakini radio haikusema kitu. Nilisema mimi. Kitabu sikukisoma. Niliona picha, macho yamefungwa."

Mwimbaji akacheka, kicheko kirefu cha chini, nikaelewa kwa nini watu wanamulipa. "Basi nisomee vile uliandika." Nikasoma kurasa zote mbili, nimesimama mbele ya moto wa kilio chake, bila kutetemesha sauti. Akasema, "Ni muzuri. Uiweke, siku moja itafaa. Na wengine waliandika nini?" Wakamwambia habari ya baa, akasema shemasi amehesabu sawasawa. Wakamupa Sylvain telefone. Sylvain alisoma mustari wake mumoja. Mwimbaji akaacha kucheka, akasema, "Rudilia." Sylvain akarudilia.

Bukari ilikuwa imeiva, basi watu wakala. Mujomba wa Chienge alifika jua likishuka, juu ya pikipiki, na koti jeusi lililojaa vumbi, akaelezwa, akala, hakunisalimia.

Njiani bibi yangu alitangulia, kaye chini ya kwapa. Nyumbani akaweka kaye juu ya magoti yangu, akaonyesha kwa kidole chini ya maoni ya Sylvain. "Soma." Nikasoma: "Mimi sikumaliza kitabu. Nilifika fasi anaimba mara ya kwanza mbele ya watu, nikakumbuka huyu bwana yangu, kule Pweto alikuwa anaimba akishona nyavu, na hakujua kama namusikia. Nikafunga kitabu, nikakaa vile tu."

Nikasoma tena. "Hii uliandika lini?"

"Mbele hujaua mutu," akasema, akaingia kulala.

Basi, wenzangu, nimeapa: sitamulilia tena mutu ambaye sijagusa sanduku lake, na kaye yoyote ikifika hapa nitaanza na mwandiko wa nyumbani kwangu. Kitabu chenyewe nimekiomba tena kwa Mama Odette, nikakianza. Niko ukurasa wa kumi na saba. Mwimbaji bado ni mutoto, na ni muzima kabisa.