Ligi ya Ghalani na Shamba la Kipa

Mvua za Sumbawanga zikianza mwezi wa Novemba, viwanja vya mpira vinageuka majani na madimbwi mpaka Aprili. Miaka ile biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi, maghala mengi ya zamani yalibaki matupu tangu mvua za kwanza hadi mavuno, na mwenye baa mmoja wa mjini akapata wazo la kukodi ghala moja na kuchezesha mpira humo ndani. Alijifanya mwenyekiti wa ligi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiishi Malangali, na nilikuwa na tabia ya kuandika kila ninachokiona. Akanifanya katibu.

Ghala lilikuwa na sakafu ya saruji na harufu ya dawa ya wadudu ambayo haikuisha hata tulipofagia mara tatu. Kila upande ulikuwa na wachezaji watano. Mpira ukigonga ukuta mchezo uliendelea. Tuliutoa upepo kidogo ili usidunde mpaka kwenye mabati. Mvua ikipiga bati filimbi haikusikika, kwa hiyo mwamuzi alibeba kitambaa chekundu, na mchezaji mbishi aliweza kucheza nusu dakika nzima akijifanya hajakiona. Watazamaji walisimama juu ya mbao za kupangia magunia. Walikuja wengi. Hakukuwa na kitu kingine cha kutazama Jumamosi mchana katika mvua.

Timu zilikuwa sita, na wachezaji walilipwa. Jambo hilo lilikuwa jipya kwetu, na ndilo lililoharibu mambo. Timu ya kulipwa lazima iwe na tajiri, na matajiri wetu walikuwa wanunuzi wa mahindi, mwenye mashine ya kusaga, na wakala wa mabasi. Mnunuzi wa mahindi anakaa mjini maadamu mahindi yana bei. Bei ikihamia kwingine naye anahama, na timu anamwachia yeyote atakayeipokea. Katika msimu wa kwanza timu moja ilibadilisha matajiri watatu, jezi tatu na majina matatu. Ikiingia uwanjani, watu wa kwenye mbao walipiga kelele:

"Nyie! Leo mnaitwa nani?"

"Wasubirini, wanaulizana wenyewe!"

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini mwenyekiti hakucheka. Alijua kwamba mtu anayecheka hivyo leo, Jumamosi ijayo atabaki nyumbani. Tukaweka kanuni: kila tajiri, kabla msimu haujaisha, aje mbele ya kamati aseme kama ataendelea na timu yake. Mimi nilitakiwa kumuuliza mwenyewe kwa mdomo wangu, kisha kuandika jibu lake kwenye ubao wetu wa matokeo pale sokoni. Ubao huo watu waliuamini. Nilikuwa sijawahi kuandika goli ambalo sikuliona.

Kipa bora wa ligi alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na miwili, kutoka kijiji cha juu huku huku uwandani, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Baba yake alikuwa amefariki na kumwachia shamba la mahindi na ulezi, chini ya uangalizi wa baba yake mkubwa. Kwao, kama kwa Wafipa wengi, shamba halianzi na mbegu. Linaanza mwaka mmoja kabla, mvua zikiwa bado zinanyesha, watu wanapolima majani na kuyafukia katika matuta ya duara tunayoyaita ntumba, yaoze humo. Asiyeweka ntumba mwaka huu hana pa kupanda mwaka ujao. Na ntumba haiwekwi na mtu mmoja. Watu wanapeana zamu, leo kwako, kesho kwangu, kwa pombe ya ulezi. Usipokwenda kwa wenzako, siku ya zamu yako utasimama shambani peke yako na jembe lako.

Zamu hizo zinaangukia Kwaresma. Na Kwaresma ndiyo ilikuwa kilele cha ligi.

Msimu wa kwanza kipa hakwenda. Shamba lake lililala. Msimu wa pili baba mkubwa alimtumia ujumbe kwa mtu aliyekuja kuuza maharage: ukikosa na mwaka huu, shamba nampa mwenzako anayelitaka. Kipa alikuja kwangu shuleni wakati wa mapumziko, akasimama mlangoni mpaka nilipomwita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mgeni?"

Akanieleza habari ya ujumbe ule. Tajiri wake, mnunuzi wa mahindi mwenye duka karibu na stendi, alikuwa amemwahidi kumwandika mtunza ghala mavuno yakianza, kazi ya mwaka mzima, mradi timu iendelee.

"Akiwepo, shamba naliacha, Mwalimu. Sina ugomvi na mtu. Kazi ya ghala inanitosha. Lakini kama anaondoka, mimi Jumatatu niko njiani. Wewe unamwuliza. Umemwuliza?"

"Bado. Wiki hii."

"Basi mimi nitasoma ubaoni," akasema, akacheka. "Ukiandika wewe, nimemaliza."

Lazima niseme hapa nilichokuwa nimekiona. Siku mbili kabla, nikipita karibu na stendi, niliona vibarua wakipakia mizani ya tajiri yule kwenye lori. Mnunuzi wa mahindi wa mjini kwetu anaweza kufunga duka miezi mitatu, anaweza kwenda kwao kuzika au kuoa, lakini mizani yake haiendi popote. Inabaki pale ikimngoja. Niliposimama kutazama, tajiri mwenyewe aliniona, akanipungia mkono kwa uchangamfu mwingi kuliko kawaida yake. Nilirudi nyumbani nikaandika katika daftari langu: mizani imepakiwa. Sikuandika zaidi ya hapo, na sikurudi kumwuliza.

Ijumaa mwenyekiti alikuja kwangu. Fainali ilikuwa wiki mbili mbele, na timu ya tajiri yule ilikuwa na uhakika wa kufika.

"Mwalimu, ubao haujasema kitu juu ya timu ya stendi. Watu wameanza maneno."

"Sijamwona tajiri."

"Mimi nimemwona. Yupo."

"Amesema ataendelea?"

"Wewe nawe! Mtu yupo, anapumua, unataka akuapie kwa padre? Tukisema leo kwamba anaondoka, kipa anakwenda zake kijijini, timu inakufa, fainali tunacheza na nani? Na mwaka kesho nani atatuamini? Andika. Unaokoa ligi."

Ningeweza kumwambia habari ya mizani. Sikumwambia, kwa sababu nilijua angeniomba nisiitaje, na mimi ningekubali, na baada ya hapo tungekuwa wawili tunaojua. Nilitaka kubaki mtu ambaye hajui. Jumamosi asubuhi nilikwenda sokoni na chaki, nikaandika kwa herufi nzuri za mwalimu: Timu ya stendi itaendelea msimu ujao. Mwenye timu amethibitisha.

Mama mmoja muuza dagaa alinisomea kwa sauti kutoka nyuma ya meza yake, kisha akasema, "Afadhali. Hawa angalau wana mwenyewe."

Kipa alibaki mjini. Katika fainali alidaka kama mtu asiye na deni na dunia. Kulikuwa na mpira mmoja uliogonga ukuta, ukamgonga beki wake kisigino, ukageuka kuelekea kona ya pili, naye alikuwa ameshalala upande mwingine. Sijui alifikaje. Aliupata kwa ncha za vidole, na watu wa kwenye mbao wakaruka mpaka mbao mbili zikavunjika. Timu ya stendi ilishinda kwa goli moja. Tajiri alikuwepo, akapiga picha na kikombe, akamkumbatia kipa mbele ya kila mtu. Nilipomwona anafanya hivyo nilijiambia kwamba labda nilikosea, labda mizani ilipelekwa kutengenezwa.

Jumatano duka lilikuwa na kufuli. Ijumaa alikuja mtu mwingine kulipaka rangi. Alikuwa muuza vitenge, na hakuwa na habari yoyote ya mpira.

Kipa alikuja kwangu jioni ile. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa hata nimepanga maneno. Lakini alikaa kwenye kigoda, akatikisa kichwa, akasema, "Ametudanganya wote, Mwalimu. Mpaka wewe. Alikuangalia machoni akakuambia ataendelea!"

Nilimtilia maji kikombeni.

"Usijilaumu," akasema. "Mtu wa namna ile angemdanganya hata askofu."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kumwambia ukweli. Tulikuwa wawili tu, mlango wazi, jirani yangu akipepeta ulezi uani. Sentensi yenyewe ni fupi. Badala yake nilimwambia nitamsindikiza kwao nikamtetee, naye akanishukuru.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Mvua zilikuwa zimepungua, na kote tulikopita mashamba yalikuwa yamekwisha kujaa matuta, safu juu ya safu, na maharage yameanza kuchipua juu yake. Kipa alikuwa akiyatazama bila kusema. Tulipofika karibu na kwao alisimama. Shamba lake nalo lilikuwa limejaa ntumba, zimewekwa vizuri, za mikono mingi. Binamu yake, yule aliyelitaka shamba, alikuwa ameshiriki zamu zote, na zamu yake ilipofika watu walikuja wakamlimia.

Baba mkubwa alitupokea vizuri, akatupa viti na togwa. Nilimwamkia, nikaanza kueleza: kijana hakuwa mvivu, alikuwa ameahidiwa kazi, habari zilikuwa zimeandikwa ubaoni, mji mzima umezisoma.

"Nani aliandika?" akauliza mzee.

"Mimi, baba."

"Aliyeahidi alikuambia wewe mwenyewe?"

Kipa akadakia kabla sijafungua mdomo. "Alimwambia, baba mkubwa. Mwalimu haandiki asichokijua."

Mzee alinitazama mimi, si yeye. Nadhani alijua. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, watu ishirini wametoa jasho pale. Nikisema matuta yale ni ya huyu, mwakani nani atashika jembe kwa mwenzake? Sina shamba la kumpa." Akamgeukia kijana. "Kunywa togwa yako, mwanangu."

Ligi haikufika msimu wa tatu. Mwaka uliofuata mvua zilipoanza, timu tatu kati ya sita hazikuwa na wenyewe, na nilipoandika ubaoni kwamba watapatikana, nilimsikia mtu akisema nyuma yangu, "Andika tu, chaki ni yako." Kipa alikuwa ameshateremka ukingo wa bonde kwenda Muze, kulima kwenye ardhi ya mtu.

Nilimwona huko miaka kadhaa baadaye, nilipotumwa kusimamia mitihani. Alikuwa na mke na watoto wawili. Alilima mpunga katika eneo la mfugaji mmoja, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wengi. Alifurahi kuniona kuliko nilivyostahili. Akamwita mkewe: "Njoo umwamkie Mwalimu. Ndiye aliyekwenda kunitetea kwa baba mkubwa." Walinipikia kuku. Mara mbili nilianza kusema, na mara mbili mtoto mmoja alikuja kukaa mapajani mwangu, nikapata kisingizio.

Tulipokwisha kula alisogeza kigoda chake karibu.

"Mwalimu, wewe unajua kuwasoma watu. Huyu mzee wa ng'ombe naona ameuza zizi moja. Wengine wanasema anahama. Nami nataka kujenga nyumba ya matofali hapa. Unaonaje, atabaki?"

Mkewe naye aliacha kuosha vyombo akasubiri.

"Sijui," nikamwambia. "Kamwulize mwenyewe. Leo, kabla hujafyatua tofali hata moja."

Alinitazama kwa mshangao, kisha nikaona uso wake umeingiwa na huzuni kidogo, kama mtu aliyemwomba rafiki msaada mdogo akanyimwa.