Kopo la Baba na Sahani ya Kwanza

Sisi tuliokulia kijijini Zombo wakati redio ni moja kwa nyumba kumi, tuliumwa kwa adabu. Tumbo lilipewa maji ya majani ya mpera, na homa ikafukizwa chini ya blanketi mpaka ione aibu iondoke. Vijana wa leo wakipiga chafya mbili wanauliza simu, na simu inawaambia wanakufa.

Ila nisijidai. Nasi tulikuwa na ujinga wetu, tena ujinga wa ukarimu.

Baba alianguka na baiskeli, goti likavimba. Akaenda hospitali Kilosa mjini, akarudi na bahasha ya vidonge vya diklofenaki, dawa ya maumivu. Aliambiwa ale kwanza, anywe kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tano, na asimpe mtu mwingine. Baba alishika "asubuhi na jioni", mengine yakadondoka njiani. Goti lilipotulia, vilivyobaki akavitia kwenye kopo la kakao, na vilipoisha akawa anaagiza vingine kwa waendao Mikumi.

Msimu wa kulima watu walilimiana kwa zamu, na mwenye shamba alitoa togwa. Baba akaona togwa peke yake ni uchoyo. Asubuhi alisimama mlangoni na kopo lake, akamwekea kila mwenye jembe kidonge kiganjani, "cha mgongo", hata mgongo haujaanza kuuma. Sifa zikaenea. Wazee waliitikia marahaba huku mkono umeshanyooshwa.

Mama alipewa chake wa kwanza, kwa kuwa aliamka wa kwanza. Na alikula wa mwisho. Walianza wanaume, wakafuata wageni, kisha sisi watoto, halafu yeye na ukoko wa sufuria, jua limeshapinda. Alipolalamika tumbo linawaka moto, Baba, kwa mapenzi kabisa, akamwongezea kidonge cha pili.

Siku moja aliinama kuchota unga, akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Akaninong'oneza kwamba choo chake nacho kilikuwa cheusi kwa siku mbili, ila hakutaka kusumbua watu wakati wa kilimo. Nilikuwa binti wa miaka tisa. Nilijua Mama anakufa, na nilimchukia kila aliyekuwa na jembe. Haohao wenye majembe ndio waliombeba kwa machela hadi barabarani, akapelekwa Kilosa, mimi na Baba tukifuatana naye.

Daktari, mama mmoja mtaratibu, alipoelezwa habari za vidonge, alimuuliza Baba swali moja: "Huyu mwenzako huwa anakula saa ngapi?"

Baba hakujua. Miaka kumi na minne ya ndoa, hakujua. Daktari akamweleza kwamba vidonge vile huchubua tumbo, hasa likiwa tupu, na ukizidisha linavuja damu. Dawa aliyoandikiwa mtu kwa goti lake si ya kugawia kijiji. Mama aliongezewa damu, akalazwa wiki mbili, akapona.

Tuliporudi, kopo likawa la chumvi. Na siku ya kwanza ya kulimiana, wanaume wamenawa wanasubiri ugali, Baba alichukua sahani ya kwanza akampelekea Mama jikoni. Akasimama mlangoni mpaka alipoanza kutafuna. "Kula kwanza," alimwambia. Kijiji kizima kilisema Mama kamlisha limbwata, na Baba akaendelea kupeleka sahani.

Sasa nauza chakula Mikumi, kando ya barabara kuu. Vijana wa malori wanashuka wameshika viuno, wanaomba maji ya kumezea diklofenaki na ibuprofeni kwa mpigo, tumboni hakuna kitu zaidi ya soda. Nawauliza nani kawaandikia. Wanacheka. Nawanyima maji, nawaambia wale kwanza, kisha wakamwone daktari, na dawa mbili za jamii moja hazimezwi pamoja. Wanasema mama huyu anatafuta biashara. Natafuta, ndiyo, wali wangu haujipiki.

Baba hayupo tena. Nikienda Zombo, wajukuu wanajipakulia na kutawanyika na simu zao, kila mtu kivyake. Mama bado anapewa sahani ya kwanza, lakini anakaa nayo mapajani, anatazama mlango wa jiko, chakula kinapoa. Siku hizi ninasimama mimi pale mlangoni.

"Kula kwanza, Mama."

Ndipo anakata tonge.