Sinema Bado Iko Ukutani

Shangazi yangu ni mchoraji wa vibao, na karibu mtaa wetu wote unasomeka kwa mkono wake. Duka la dawa la pale kona, kinyozi anayefuata, hoteli iliyokuwa posta zamani: maandishi ni yake. Huanza kwa mistari ya chaki, kisha huegemeza mkono juu ya kifimbo ili brashi isiyumbe. Akishashika herufi, hasemeshwi.

Neno moja tu si lake. Juu ya jengo refu la zamani, marehemu babu aliandika SINEMA kwa herufi nyekundu zenye vivuli vya bluu, naye shangazi, wakati huo msichana mdogo, akimtazama kutoka chini. Sinema yenyewe ilifungwa kabla sijazaliwa. Jengo likawa ghala, likawa ukumbi wa harusi, mwisho likanunuliwa na mfanyabiashara wa saruji na mabati.

"Mama, futa hilo," mfanyabiashara huyo alimwambia shangazi. "Andika Vifaa vya Ujenzi. Kama huwezi, nitawaita wale wa mashine za kuparua ukuta."

Shangazi alikubali kazi. Usiku, nyumbani, alisukuma sahani kando.

"Nikikataa, watalifuta wengine, tena kwa kuparua," aliniambia. "Bora lifutwe na mkono wa nyumbani."

Nilimpangia brashi zake za kesho.

Asubuhi nilimpelekea chai, nikamkuta juu ya ngazi na kopo la rangi nyeupe, brashi bado kavu. Chini yake mfanyabiashara alikuwa akifoka kwenye simu. Dereva wa lori lake la saruji, mgeni mjini, alikuwa ameuzunguka mtaa mzima akiulizia duka la vifaa vya ujenzi, na kila aliyeulizwa alitikisa kichwa.

"Umemwona kinyozi? Basi umepitiliza! Geuza, uliza Sinema! Ndiyo, Sinema! Hata mtoto atakuonyesha!"

Kinyozi alitoka nje na mkasi wake. "Bosi, leo kuna picha gani?"

"Ya mabati," akadakia muuza magazeti. "Saruji ndiyo stelingi!"

Shangazi aligeuka taratibu kule juu. "Baba, nikishafuta, kesho lori utaliambia lije wapi?"

Yule bwana aliutazama ukuta, akaitazama simu, akajikuna kisogo. Mimi nilikuwa nimeshikilia birika, nimesahau hata kulitua.

"Liache," alisema mwishowe. "Vifaa vyangu viandike hapo chini yake."

Shangazi alishuka, akavuka barabara, akalikagua neno la baba yake kwa jicho la fundi, kichwa ameinamisha upande. Hakushangilia. Alirudi, akafunika kopo jeupe, akafungua jekundu.

"Hii M imepauka, baba. Nayo niitie rangi?"

"Itie, mama. Ionekane mpaka kule barabara kuu."