Simsim ya Mama Keji

Watu wa kijiji cha Lobule waliijua hali ya nyumba ya Mama Keji kwa kusikiliza kinu. Kikilia tangu asubuhi hadi adhuhuri, basi Mindra ametukana.

Mama Keji alikuwa mjane wa askari. Alirudi kutoka Sudan mwaka 1986 na sufuria mbili na kinu kimoja, na muda si muda ofisi ya ustawi wa jamii ya Arua ikaanza kumletea vijana walioshindikana: wagomvi, wezi wa kuku, waliofukuzwa na ndugu zao wenyewe. Aliwalea mmoja mmoja. Mafiga yake, alisema, yanabeba chungu kimoja tu.

Mindra aliletwa akiwa msichana wa miaka kumi na minne. Soko zima la Arua liliujua ulimi wake.

"Hapa akishindikana," alisema Bwana Anguyo, afisa aliyemleta, "nitampeleka shule ya adabu, huko Kampala."

Kabla baiskeli ya afisa haijatoweka machoni, Mindra akamporomoshea Mama Keji tusi zito la kambi ya askari.

Mama Keji akatega sikio. "Hapana, mtoto yangu. Hiyo tusi umekata mkia. Mimi nimekaa kambini miaka kumi na tisa, nasikia yote. Lakini hapa tusi iko na bei: moja, kinu moja ya simsim, ufuta ya kulia ugali."

"Na mimi nikikataa?"

"Tutakula ugali kavu, wewe na mimi."

Wakala ugali mkavu siku mbili. Siku ya tatu Mindra akashika mchi, akitwanga huku akitukana, na kila tusi likaongeza kinu kingine. Mama Keji alihesabu kwa sauti, akicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. Msichana naye, pamoja na hasira zake zote, akaangua kicheko.

Simsim ikawa tele. Mzee Kasimiro, mwenye duka Koboko, akawa anachukua makopo sita kila Jumamosi.

Baada ya miezi minane Bwana Anguyo akarudi.

"Majirani wanasema amebadilika. Lakini majirani wanakupenda, mama. Mimi nataka ushahidi."

Mama Keji akawaza. Ushahidi autoe wapi? Mindra alisimama mlangoni, ameuma kidole.

Mara Kasimiro akaingia uani na makopo matupu, amenuna.

"Mama Keji! Wiki ya tatu sasa! Simsim iko wapi?"

"Hakuna, mzee."

"Kwa nini hakuna?"

"Mtoto hatukani tena. Mabega yangu imezeeka, na sheria ni sheria: asiyetukana hatwangi."

"Wiki tatu, hata tusi moja?" Kasimiro akamgeukia afisa. "Bwana mkubwa, huyu mtoto ameharibu biashara yangu!"

Anguyo alipoelezwa habari ya kinu, alicheka hadi akaegemea baiskeli. Akafungua daftari, akaandika neno moja, akalisoma kwa sauti: "Abaki."

Mama Keji akapiga kigelegele. Kasimiro tu ndiye aliyebaki ameshika makopo yake, na Mindra akamwonea huruma. Akakohoa kidogo.

"Mzee Kasimiro, kichwa yako iko kama kibuyu ya bibi yangu."

"Moja!" akaita Mama Keji.

"Na masikio kama majani ya tumbaku."

"Mbili!"

"Ongeza nne, mtoto yangu," akasihi Kasimiro, akiyapanga makopo kando ya kinu. "Ongeza nne tu."