Siku ya Thelathini

Kutoka Kalemie mpaka Goma nilitumia siku kumi na saba, na karibu nusu ya siku hizo zilikwenda katika kuonyesha karatasi. Meli ya Uvira ilichelewa siku nne kwa sababu ya injini. Kutoka Uvira nilipanda lori lililobeba chumvi na mabati, nikakaa juu ya mizigo pamoja na mbuzi wawili, na kila tulipokuta kamba imefungwa barabarani tulishuka wote. Askari wa kizuizi cha kwanza alitaka kadi ya mpiga kura. Wa pili alitaka karatasi ya safari. Wa tatu aliitazama ile karatasi ya safari, akaigeuza, akaniuliza kwa nini nyuma haina kitu. Nilipofika Bukavu na kupanda boti ya asubuhi, nilikuwa nimekwisha kuzoea kumtazama mikono kila mtu mwenye kalamu.

Nilikuwa na miaka thelathini na nane. Niliondoka kwetu, karibu na reli ya Nyunzu, mwaka niliomaliza shule ya sekondari, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali pamoja miaka miwili. Goma nilidhani nitapita tu. Nikapata kazi ya kuchonga magurudumu ya chukudu, yale mabaiskeli ya mbao yanayoshusha viazi na makabichi kutoka Kibumba, na nikapata chumba cha mbao nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, ndani ya ukuta wa mawe meusi ya volkeno. Marehemu mumewe alikuwa dereva, wa ukoo wa Waislamu waliotoka Maniema. Jioni ya kwanza mama huyo alipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese, harufu ikaingia chumbani kwangu kupitia nafasi za mbao, na mimi nikakaa juu ya mfuko wangu bila kuufungua, kwa sababu ilikuwa harufu ya jiko la mama yangu kabisa. Kesho yake nikaufungua.

Siku ya tatu alikuja nyumbakumi, yaani muzee anayesimamia nyumba kumi za avenyu yetu. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa upande wa Bukavu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, karani wa kiwanda cha chai kabla kiwanda hakijafungwa. Alivaa koti hata jua likiwaka. Kwapani alikuwa na daftari, na pamoja na daftari kitabu kisicho na jalada, kimevimba kwa unyevu.

"Papa, weye unatoka wapi?"

Nikamtajia.

"Shefu wa kule alikupa karatasi ya kutoka?"

Nikamjibu kwamba karatasi hiyo ya shefu, chifu wetu wa kule, sijawahi kuisikia. Akafungua kitabu, akasoma Kifaransa polepole kama anayesoma somo kanisani, kisha akanieleza. Mwenyeji akitoka nje ya eneo lake na kukaa mahali pamoja zaidi ya siku thelathini mfululizo, lazima awe na karatasi ya shefu wake inayomruhusu kutoka. Asipokuwa nayo, hesabu yake ni kwamba hajatoka, na kama hajatoka huko hawezi kuandikwa mkaaji hapa. Na anayemlaza bila karatasi hiyo atajibu mbele ya sheria.

"Hiyo ni ya Wabelji," nikasema.

"Ni ya Wabelji."

"Si walienda?"

"Walienda. Sasa nionyeshe karatasi yenye inaifuta."

Nikafikiri, anataka bia. Nikamwambia tupite hapo kona tukaongee vizuri. Akanitazama, akafunga kitabu, akasema yeye hanywi na mutu mwenye bado hajaandikwa, akaondoka. Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa kweli. Mtu anayetaka bia unajua anataka nini.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesikia yote. Hakunificha. Nyumba ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na shemeji zake walikuwa wakingoja kosa lolote ili waseme mwanamke huyu hawezi kuachiwa parsele, yaani kiwanja na nyumba yake. "Mwanangu, sikufukuzi," alisema. "Lakini jina langu likiandikwa vibaya mu ile daftari, bashemeji batalisoma mbele ya juge, ku korti." Tukapatana: siku ya thelathini ikifika sina karatasi, nitafute pa kulala.

Nikampigia simu dada yangu, akampelekea mama yetu simu. Nilidhani ni jambo la kumwomba shefu kashe moja tu, muhuri wake juu ya karatasi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote hiyo. Kila mara karani wa shefu anapopita kuandika watu wa nyumba, asiyeonekana anafutwa. Mama yangu hakutaka nifutwe. Kila mara karani alipofika kwenye jina langu, mama alimwambia nimetoka kidogo, nimeenda sokoni, na karani akaandika nipo.

"Sasa nikuombee karatasi ya kutoka?" alisema. "Weye haukutoka. Ulienda sokoni."

Simu ikakatika. Sikupiga tena siku ile.

Siku zangu zikaanza kwisha, na kadiri zilivyokwisha ndivyo nilivyomchunguza yule muzee. Nilikuwa na hakika kuna mtu ambaye muzee anataka akae katika chumba changu. Niliuliza habari zake pale tulipochonga mbao, nikaambiwa jambo lililoniongezea mashaka: kila mwezi, mara moja, anaondoka asubuhi na kifuko na kofia, hasemi anakwenda wapi, na anarudi kesho yake. Mwenzangu mmoja alisema ana bibi wa pili. Mwingine alisema anapeleka majina yetu mahali. Wa tatu alisema tumwache muzee wa watu, labda ana tumbo baya na huko kuna choo kizuri.

Siku ya ishirini na sita nilimwona akipita mbele ya karakana, kifuko mkononi, kofia kichwani. Niliacha gurudumu nusu, nikachukua pikipiki, nikamwambia dereva afuate ile iliyombeba mtu mwenye koti. Tulipanda barabara ya Rutshuru, baridi ikaingia kwenye shati, chukudu zikitushukia na viazi. Muzee akashuka Kibumba, akaingia nyuma ya duka la mbegu. Nilingoja kidogo, kisha nikaingia na mimi.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na marundo ya makabichi, amevua viatu, anakula maharage. Peke yake. Hakushtuka.

"Nilikuona tangu ku rompwe ya kwanza, pale barabara inazunguka," alisema. "Weye haujue kufuata mutu. Kaa, ule."

Nikakaa, lakini sikula. Nikamuuliza anafanya nini hapa kila mwezi. Akajifuta mikono, akafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, uliokuwa wa njano. Juu kulikuwa kumeandikwa Wageni. Jina la kwanza chini yake lilikuwa la kwake mwenyewe. Mbele ya jina kulikuwa na safu za tarehe, ameingia, ametoka, ameingia, ametoka, zinaendelea ukurasa baada ya ukurasa, kwa kalamu za rangi mbalimbali.

Alikuja Goma wakati mimi bado navaa kaptula ya shule. Naye hakuwa na karatasi. Alirudi kwao kuiomba, akakuta shefu aliyemjua amekufa, na aliyeshika mahali pake akamwambia karatasi ya namna hiyo haiko. "Nikamuuliza ni nani aliifuta. Akacheka tu." Basi muzee akasoma kitabu vizuri, akaona sheria inahesabu siku thelathini. Mtu asiyezidisha siku thelathini mahali pamoja hana kosa. Tangu mwaka ule, kabla siku ya thelathini haijaisha, analala nje ya mji usiku mmoja, anarudi kesho yake na kujiandika mgeni wa siku ya kwanza.

Nilimwomba kitabu. Akanipa. Kifaransa changu cha shule kilitosha: sheria ilikuwapo, na haikumtaja mtu yeyote ila mwenyeji mweusi. Nikafunua kurasa nyingine. Ngoma isipigwe karibu na nyumba za Wazungu bila ruhusa. Kila baiskeli iwe na kibati cha nambari. Kila mbwa avae medali shingoni. Mbwa wa avenyu yetu nilimjua, hata shingo yake ilikuwa haionekani kwa uchafu.

"Na huyu mbwa wetu?" nikauliza.

"Nilimwandikia mwenye mbwa barua mara mbili," alisema muzee, wala hakucheka.

Nikarudi Goma siku ile, na siku ya thelathini nikapanda Kibumba kwa miguu yangu mwenyewe. Muzee aliniandika: ametoka. Kesho yake: ameingia, siku ya kwanza. Mama mwenye nyumba akapumua. Basi tukaendelea hivyo, mwezi kwa mwezi, na ndiyo ilikuwa miaka yangu ya kukaa. Mimi niliyezunguka nchi nzima bila kuzuiwa na mtu, nilipata nyumba kwa njia ya kuondoka kila mwezi. Mama mwenye nyumba alinifungia chakula cha njiani. Nilijichongea rafu ndogo ya vitabu. Hata hivyo niliandika hesabu yangu ya siku ukutani kwa mkaa, kwa sababu niliogopa muzee asije akahesabu siku moja zaidi. Alipoiona siku moja kupitia dirishani, alisimama akahesabu alama zote kwa kidole, akasema ziko sawa, akaenda zake. Sikujua kama amefurahi au amekasirika.

Kisha vita ikafunga barabara ya Rutshuru, na Kibumba tukaikosa. Tukaanza kwenda Sake, tukipita Mugunga katikati ya mahema ya waliokimbia vita, ambayo kila mwezi yalikuwa yameongezeka. Watu walijaa mpaka katika avenyu yetu, familia tano katika baraza moja. Nilingoja nimwone muzee akiwadai karatasi ya kutoka, nami nilikuwa nimeandaa maneno makali. Alipita na daftari, akaandika majina yao yote, hata ya watoto wa mgongoni, hakuuliza kitu.

"Hawa hauwahesabie siku?" nikamuuliza.

"Sheria inasema mutu mwenye anatoka," alisema. "Haisemi mutu mwenye anafukuzwa."

Halafu na Sake ikafungwa. Siku zetu zilikuwa ishirini na nane, zangu na zake, maana tangu Kibumba tulikuwa tumezoea kwenda pamoja. Upande wa mashariki kulikuwa na mpaka, na huko wanataka karatasi nyingine kabisa. Ilibaki boti. Nilimwambia mwezi huu tuache, nani atajua? Akanijibu kwamba yeye atajua, na daftari ni lake. Nikamtazama mama mwenye nyumba. Alikuwa akichambua sambaza, vidagaa vya ziwani, hakuinua kichwa. Shemeji mmoja alikuwa amefika wiki ile ile, amefikia avenyu ya tatu. Nikasema haya, twende.

Siku ya thelathini asubuhi Mama alinipa bugali na sambaza ndani ya jani la mgomba. "Kesho jioni napika sombe," alisema. Nilichukua shati moja tu. Ndani ya boti muzee alishika chuma cha ukingoni mpaka kisiwa cha Idjwi kikatupita. Bukavu alikwenda kulala kwa dada yake. Mimi nililala kwenye nyumba ya wageni ya parokia.

Kabla ya giza dada yangu alinipigia. Kule kwetu wanaandika watu tena. Karani ni mpya, kijana wa shule, na mama yetu amemwambia kama kawaida kwamba nimeenda sokoni. Karani amesema si kitu, atapita nyumba nyingine za mtaa wote, wiki mbili hivi, na atarudi kunikuta. "Mama hali chakula," dada yangu alisema. "Anakaa mlangoni tu. Anasema ukifutwa, basi amekuzika." Nikatembea mpaka kwa dada ya muzee nikamwambia muzee habari hiyo, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Akasema wiki mbili zinatosha, nikipata lori la kesho.

Asubuhi nilikwenda bandarini kumuaga. Alikuwa pale na koti lake, na pembeni mwanaume wa miaka thelathini hivi, mwalimu, mtoto wa dada yake, amebeba godoro limefungwa kamba.

"Anakwenda kutafuta kazi Goma," alisema muzee.

"Atalala wapi?"

"Mama hawezi kukaa na chumba bure."

Yule mwalimu akanisalimu kwa heshima. Muzee akamwambia anionyeshe. Akatoa mfukoni karatasi ya kutoka, ina mihuri miwili na sahihi ya shefu. Niliisoma yote. Mikunjo yake ilikuwa imechakaa, kama karatasi iliyokaa mfukoni miezi mingi.

"Muzee, si ulisema shefu wenu alikataa? Alisema haiko."

"Ule alikufa. Mupya alitafuta, akaiona."

"Na weye? Mbona haukujiombea?"

"Miye tayari niko muzee," alisema. "Nimezoea Kibumba."

Kisha akafungua daftari juu ya godoro la mwalimu na kuniuliza aniandike nini. Nikasema aandike nimetoka. Akaandika. Nikachungulia juu ya bega lake, maana mpaka siku ile sikuacha kumchungulia. Mbele ya jina langu, mahali pa kuingia, aliacha nafasi, na jina lililofuata, la yule mwalimu, akaliandika mstari wa chini.

Boti ikapiga honi. Waliingia wawili, godoro likakwama mlangoni, watu wakalisukuma. Mimi nikapanda mlima kwenda kutafuta lori la Uvira. Sombe ya jioni ile aliila yule mwalimu.