Kishindo Chini ya Goli Langu

Kipa husimama peke yake muda mrefu, ndiyo maana mimi nilikuwa wa kwanza kusikia. Kishindo kilitoka chini, du, du, du, kikanyamaza, kikaanza tena. Wenzangu walikuwa upande wa pili wakigombea mpira kwa magongo yao na kupiga kelele. Nilivua kiatu nikaweka unyayo kwenye udongo. Ardhi ya Kerende ilikuwa inatetemeka, na hakukuwa na radi.

Wakati huo dhahabu ilikuwa imewapagawisha watu. Wanaume walitoka Itiryo, wakatoka Kenyamonta, hata wajomba zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari walifunga maduka wakaja na nyundo. Mashamba ya mihogo yakageuka mashimo. Mahali pekee ambapo hapakuguswa ni uwanja wetu, kwa sababu wazee walimpa Mwalimu mbele ya watu wote, na neno la wazee kwetu si la kuchezewa.

Mwalimu alikuwa mama kutoka Ayalandi, mrefu, magoti yamejaa makovu, mdomo haujui kunong'ona. Ujanani aliichezea nchi yake mpira wa magongo. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuingia kwenye kamati iliyoendesha mchezo huo kwao. Alituhadithia kwamba kikao cha kwanza wanaume walimwomba achemshe chai. Akachemsha, akawamiminia wote, kisha akavuta kiti akakaa katikati yao na kikombe chake, akawauliza kwa nini wasichana wapangiwe viwanja vyenye mavi ya ng'ombe. Tulicheka mpaka machozi. Sisi viwanja vyetu vyote vilikuwa na mavi ya ng'ombe.

Na hapa alifanya yale yale. Alizunguka shule kwa shule kwa baiskeli, akaunda mashindano ya wasichana, akaandika kanuni zake kwa mkono. Wanaume wakasema yale magongo ni marungu, anawafundisha binti zetu kupiga waume. Baba yangu akawajibu, "Basi mahari ipande!"

Jioni ile ya kishindo nilimwuliza kaka yangu, aliyenizidi miaka minne. Alikuwa amekaa jikoni kwa mama, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Duara lao, yaani lile shimo wanaloshukia kwa kamba, lilianzia nyuma ya uzio wa uwanja. Mwamba wenye dhahabu ulikuwa umepinda, nao wakapinda nao, na sasa walikuwa wanachimba chini ya goli langu.

"Nimekwambia wewe peke yako," akasema. "Wazee wakijua, tunalaaniwa. Nyamaza, mdogo wangu."

"Mmeweka nguzo?"

"Tutaweka tukipata."

Nikanyamaza wiki nzima. Niliogopa laana, na nilimpenda kaka yangu, na kila siku nilisimama juu ya kichwa chake nikidaka mipira. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu darasa la tatu, na haikunisaidia kitu.

Ijumaa ilinyesha mvua kubwa. Jumamosi asubuhi tulikuwa na mchezo na wasichana kutoka upande wa Kenya. Tulipofika kuandaa uwanja nikakuta goli langu limeinama upande, na chini yake nyundo bado inagonga. Nikamkimbilia Mwalimu nikamwambia yote huku nalia, nikamsihi asinitaje.

Aliwatoa wasichana wote uwanjani, kisha akakimbia kuelekea mdomo wa duara. Nilimfuata kumzuia. Mwanamke hakaribii duara. Akichungulia ndani dhahabu inakimbia na mwamba unakasirika. Kila mtoto wa Kerende aliambiwa hivyo. Mwalimu naye aliambiwa, maana alikuwa ameishi nasi miaka mingi. Akapiga magoti pale ukingoni, akaingiza kichwa, akaita kwa sauti yake ile ya uwanjani:

"Tokeni! Tokeni wote!"

Wakatoka, wakali kama nyuki. Walikuwa sita, kaka yangu wa mwisho. Mmoja akamsukuma Mwalimu kifuani akaanguka chali. Walikuwa bado wanamtukana ardhi ilipoguna. Goli langu likazama mbele ya macho yetu, kisha nusu ya uwanja ikafuata.

Unadhani walishukuru? Thubutu! Mwanamke kachungulia, mwamba umeanguka. Ushahidi gani mwingine ulitakiwa?

Jumatatu liliitwa ritongo, baraza letu la wazee. Nilisimama upande wa wanawake, nyuma ya mama. Hakuna aliyeuliza nani alichimba chini ya uwanja; mzee mmoja akauliza ni nani aliyempelekea mgeni habari za duara. Kaka yangu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mwalimu akasimama, akawaamkia wazee shikamoo, akasema alisikia mwenyewe kwa miguu yake. Hakunitazama hata kidogo. Wakampa siku saba awe ameondoka, naye akazitumia zote kugawa magongo shule kwa shule.

Kaka yangu ana wajukuu sasa. Hupenda kuwahadithia juu ya mama wa Kizungu aliyewavunjia duara, na watoto hucheka. Mwaka jana, tukipukuchua mahindi wawili tu, nilichoka na hadithi hiyo.

"Ni mimi niliyemwambia," nikasema.

Hakuacha kupukuchua. "Najua. Alipoita tu, nilijua."

"Sasa mbona hukusema kwenye ritongo?"

"Wangekufukuza wewe," akasema. "Yeye alikuwa na kwao."

Nilitaka kumrushia gunzi usoni. Sikurusha, maana siku ile, nyuma ya mgongo wa mama, hata mimi nilijiambia maneno hayo hayo.