Kufuli Kwenye Tanki

Mkwe wangu hakuniita mwizi. Angeniita ningemjibu, pengine tungegombana mchana kweupe pale dukani kwake Kasulu, watu wakatuamua, yakaisha. Yeye alinunua kufuli. Asubuhi nilipokwenda kuwasha Fuso lake, lori nililokuwa nikimwendeshea, nilikuta kufuli hilo linaning'inia kwenye mfuniko wa tanki la dizeli, jipya, linang'aa, na wapakiaji wote wa sokoni walikuwa wameshaliona kabla yangu.

Ilikuwa mwaka 2013. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa imeshafungwa, malori yaliyokuwa yakipeleka mizigo kambini yamekosa kazi, na vipuri vya malori hayo vinauzwa kimoja kimoja. Hapo ndipo nilipoziona zile tairi, kubwa kuliko zetu, pamoja na ringi zake. Nilimbembeleza mkwe wangu kama mtoto anayetaka viatu vya Idi. Nilimweleza habari za matope ya njia ya Kibondo, na matope yalikuwepo kweli, lakini mimi nilichotaka ni Fuso lisimame juu. Likasimama. Nikawa napita stendi nimetoa kiwiko dirishani, bodaboda wananipisha, nami najiona mtu.

Gari lenyewe halikufurahi. Vilima nilivyozoea kuvipanda kwa gia ya tatu sasa vilidai ya pili, na nikiwa na mzigo wa mahindi nilirudi mpaka ya kwanza, injini inalia, na magari tuliyokuwa tunayacheka yanatupita. Dizeli ikawa inakwisha upesi. Mimi nikailaumu pampu ya injini. Mkwe wangu, mtu wa haya ambaye ukoo wake ni wa Ujiji, alikuwa na desturi ya kuchungulia dashibodi kila niliporudi safari. Alichokiona ni kwamba mafuta ninayotumia yanaongezeka na kilometa zinapungua. Kwa dashibodi ile, Kibondo ilikuwa imesogea karibu na Kasulu. Na dereva anayekwenda karibu akamaliza mafuta mengi, kila mtu anajua anachofanya na mpira na dumu.

Ufunguo hakukaa nao. Alimpa binti yake, yaani mke wangu, akamwambia awe anafuatana nami Kibondo kuchagua maharage, maana wanaume hatujui maharage. Sote watatu tukajifanya tumeuamini uongo huo.

Mke wangu akapanda, ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga. Tuliposimama kujaza dizeli ilibidi nimwombe. Alishuka, akafungua fundo, akafungua kufuli, akasimama palepale mpaka mfuniko uliporudi mahali pake. Kijana wa pampu alinitazama mara moja, kisha akajifanya anaangalia barabara. Nimewahi kuingiza gari mtaroni mbele ya harusi nzima. Nimewahi kukosea jina la marehemu msibani. Aibu ya siku ile ilizipita zote, nami niliisikia mpaka kwenye masikio.

Nilijifariji kwa jambo moja tu. Nilijiambia ufunguo amebebeshwa. Baba akishasema, binti afanye nini? Moyoni ananijua.

Tulipokaribia Kibondo nikaona kibao cha hamsini, nikapunguza mwendo mapema. Yeye alikuwa akiutazama mshale wa spidi pamoja nami. Siku zile alitazama kila kitu nilichokigusa. Ulikuwa kwenye hamsini hasa. Hata hivyo trafiki akatusimamisha, akaja dirishani na tochi yake ya kupimia mwendo.

"Hamsini na sita, dereva."

"Afande, nilikuwa hamsini."

"Ilikuwa hamsini," mke wangu akadakia. "Nimeiona kwa macho yangu."

Trafiki akarudi nyuma kidogo, akalitazama Fuso kuanzia chini kwenda juu. "Hizi ndizo tairi za gari hili?" akauliza. Nikasema tumebadilisha. Akacheka, akatuonya, akaturuhusu kuondoka.

Nikatia gia, swali la tairi likiwa bado kichwani. Kisha nikaanza kumweleza mke wangu, mwanzo polepole, baadaye maneno yakawa yananikimbia. Mshale hauioni barabara, unahesabu mizunguko tu. Tairi kubwa ikizunguka mara moja inakwenda mbali kuliko ya zamani, na mshale haujui. Kilometa nazo ni hivyo hivyo: tunatembea nyingi, dashibodi inaandika chache. Hata injini kulia vilimani ni tairi, maana kuweka tairi kubwa ni sawa na kuipandishia gia bila kuiuliza. Mafuta imeyanywa injini yenyewe. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yangu, na tairi nilizichagua mwenyewe, kwa ajili ya kiwiko changu cha dirishani.

Nilisubiri mke wangu aseme kwamba alijua siku zote mimi si mwizi, kwamba baba yake amenionea. Alitazama mashamba ya mihogo yanavyopita, kisha akatoa pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe ni tairi," akasema.

Alikuwa na furaha kabisa, masikini. Lakini hakuna anayesema kumbe kwa jambo alilokuwa akilijua. Miezi yote ile, mezani na kitandani, kwake yeye alikuwa akila na kulala na mwizi, na alinipakulia ugali vilevile.

Akafungua fundo la kanga, akaninyooshea ufunguo wa kufuli. Nikasimamisha gari kando ya barabara, nikaupokea kwa mikono miwili, kama mtu aliye ugenini.